Utulivu wa Nchi Hupimwa Siku ya Makabidhiano: Somo kutoka Ghana na Ivory Coast



Kuna swali linalojirudia kila watu wanapokaa kupanga miradi: je, nchi fulani ina utulivu au haina? Mara nyingi tunalijibu kwa kutazama mambo matatu. Tunauliza kama kumewahi kutokea mapinduzi ya kijeshi, kama uchumi unakua, na kama mitaani kuna kimya. Vipimo hivi si vibaya, lakini havitoshi. Katika somo hili tutaona jinsi vilivyowahi kuwadanganya watu wengi, wakiwemo wenye elimu kubwa.

Tuchukue mwaka 1983. Kama siku zile ungeulizwa ni nchi ipi ya Afrika Magharibi ya kutumainiwa, Ghana au jirani yake Ivory Coast, jibu lingekuwa rahisi. Huko Ghana wanajeshi walikuwa wamekwisha kuingilia kati utawala mara tano. Kulikuwa na ukame, moto ulikuwa umeteketeza mashamba ya kakao, na mfumuko wa bei ulipita asilimia 100. Ivory Coast ilikuwa na rais yule yule tangu uhuru, barabara nzuri za lami, na jiji la Abidjan lililosifiwa kote Afrika.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2003, mambo yalikuwa yamegeuka. Ivory Coast ilikuwa imekatwa vipande viwili na vita. Ghana ilikuwa imeshuhudia chama tawala kikishindwa uchaguzi na kuondoka madarakani kwa amani. Ni nini kilichotokea? Na sisi tunaofanya kazi za maendeleo tunajifunza nini?

NCHI MBILI ZINAZOFANANA

Wataalamu wa siasa wanapenda kulinganisha nchi hizi kwa sababu zinafanana sana. Zimepakana. Zote mbili zinategemea kakao. Watu wa jamii ya Akan wanaishi pande zote mbili za mpaka: Waasante upande wa Ghana, Wabaule upande wa Ivory Coast. Katika kila nchi, kusini ni eneo la misitu na mashamba ya kakao, na kaskazini ni eneo kavu zaidi, lenye Waislamu wengi, ambako vijana hushuka kusini kutafuta kazi. Tofauti kubwa ni kwamba moja ilitawaliwa na Uingereza na nyingine na Ufaransa.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957 chini ya Kwame Nkrumah. Mwezi uliofuata Nkrumah alizuru Abidjan, na Félix Houphouët-Boigny, aliyekuwa kiongozi mkuu wa kisiasa huko, akamwekea dau: kila mmoja afuate njia yake, na baada ya miaka kumi walinganishe. Nkrumah alitaka uhuru wa haraka, viwanda vya serikali na umoja wa Afrika. Houphouët-Boigny alichagua kubaki karibu na Ufaransa na kutegemea kilimo cha mazao ya kuuza nje.

Mwaka 1967 ulipofika, Nkrumah hakuwepo tena Ikulu. Jeshi lilikuwa limempindua tarehe 24 Februari 1966, naye alikuwa akiishi uhamishoni nchini Guinea. Watu wengi walisema dau limekwisha na mshindi amejulikana.

MIAKA YA NEEMA NA MIAKA YA DHIKI

Kwa miongo miwili baada ya uhuru wake wa mwaka 1960, uchumi wa Ivory Coast ulikua kwa wastani wa takriban asilimia 7 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi hiyo iliipita Ghana na kuwa mzalishaji wa kwanza wa kakao duniani. Vibarua walimiminika kutoka nchi ambayo leo ni Burkina Faso na kutoka Mali. Rais aliwakaribisha kwa kauli iliyojulikana na kila mtu: ardhi ni ya yule anayeilima.

Upande wa Ghana hali ilikuwa kinyume. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani nusu milioni za kakao kwa mwaka. Msimu wa 1983/84 ilipata takriban tani 160,000 tu. Ukame ulichangia, lakini sababu nyingine zilitokana na uongozi. Bodi ya serikali ilimlipa mkulima bei ndogo mno, hata wakulima wakavusha kakao yao kwa magendo kwenda Ivory Coast. Mwaka 1969 serikali ya Waziri Mkuu Kofi Busia iliwafukuza wageni wengi wasio na vibali, na mashamba yakakosa vibarua. Mwaka 1979 wanajeshi chini ya Jerry Rawlings waliwapiga risasi watu watatu waliowahi kuwa wakuu wa nchi. Mwaka 1982 majaji watatu walitekwa na kuuawa. Mwanzoni mwa 1983 zaidi ya Waghana milioni moja walirudishwa kutoka Nigeria, wakaikuta nchi yao haina chakula.

Kwa hiyo aliyeisifu Ivory Coast mwaka ule alikuwa na sababu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo takwimu za uchumi hazikulionyesha. Nchi ilikuwa na chama kimoja, na mtu mmoja aliyekuwa mwamuzi wa mwisho wa kila jambo. Ugomvi wa kikabila, malalamiko ya ardhi, nafasi za kazi serikalini, vyote vilimalizwa na Mzee mwenyewe, kwa busara yake na kwa fedha za kakao. Hakukuwa na chombo kilichojifunza kuyafanya hayo bila yeye.

Mwanazuoni wa Marekani, Samuel Huntington, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1968. Alieleza kwamba chombo ambacho bado kinaongozwa na waanzilishi wake hakijathibitisha kama kinaweza kudumu. Kinathibitisha hivyo pale kinapobadilisha uongozi kwa amani, tena zaidi ya mara moja. Kwa kipimo hicho, Ivory Coast ya mwaka 1983 ilikuwa haijafanya mtihani hata mmoja.

Kisha fedha zikapungua. Bei ya kakao duniani iliporomoka, na mwaka 1987 Houphouët-Boigny alijaribu kuzuia mauzo ili kulazimisha bei ipande. Hakufanikiwa. Mwaka 1989 bei ya mkulima ilikatwa kwa nusu, kutoka faranga 400 hadi 200 kwa kilo. Mwaka huohuo mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, na pigo hilo liliwafikia pia wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Kagera. Ivory Coast ilipigwa kwa mazao yote mawili. Mwaka 1990 wanafunzi na wafanyakazi waliandamana, na rais akakubali vyama vingi.

VIFO VIWILI VYA MARAIS

Njia nzuri ya kuona tofauti ya nchi hizi ni kulinganisha siku mbili.

Siku ya kwanza ni tarehe 7 Desemba 1993, Houphouët-Boigny alipofariki. Katiba ilisema Spika wa Bunge, Henri Konan Bédié, ndiye atakayeshika nafasi. Hata hivyo, wakati wa ugonjwa wa rais serikali ilikuwa ikiendeshwa na Waziri Mkuu, Alassane Ouattara. Bédié alijitokeza kwenye televisheni jioni ileile na kutangaza kwamba yeye ndiye rais. Ouattara alijiuzulu siku chache baadaye. Damu haikumwagika, lakini uadui ulizaliwa, na nchi nzima iliulipia.

Siku ya pili ni tarehe 24 Julai 2012, Rais John Atta Mills wa Ghana alipofariki ghafla, ikiwa imebaki miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Siku hiyohiyo Makamu wa Rais, John Mahama, aliapishwa mbele ya Bunge. Wapinzani walikuwepo. Hakuna aliyeuliza nani ana haki ya kushika nafasi, kwa kuwa jibu lilikuwa limeandikwa na kila mtu aliliamini.

Nchi zote mbili zilikuwa na katiba yenye kifungu kinachofaa. Tofauti ilikuwa kwamba Ghana ilikuwa imekwisha kuzoea kukabidhiana.

SWALI LA HATARI: NANI NI MWENZETU?

Bédié alikuwa na mpinzani mwenye nguvu na hazina isiyo na fedha. Akatumia silaha ya tatu, yaani uraia. Yeye na wafuasi wake walieneza neno Ivoirité, lenye maana ya kuwa mwananchi halisi wa Ivory Coast. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1994 ilidai kwamba mgombea urais awe amezaliwa na baba na mama ambao wote ni wazaliwa wa nchi hiyo. Ouattara, mtu wa kaskazini, alisemwa kuwa na asili ya Burkina Faso, akawekwa kando.

Tuangalie jinsi jambo hili lilivyoshuka kutoka Ikulu hadi shambani. Sensa ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba takriban asilimia 26 ya wakazi walikuwa raia wa nchi nyingine. Wengi walikuwa wamelima kakao kwa miaka mingi, na wengine walizaliwa hukohuko. Zamani walikuwa hata wakipiga kura. Sheria ya ardhi ya Desemba 1998 ikasema kwamba ni raia tu wanaoweza kumiliki ardhi ya vijijini. Ile kauli ya zamani, kwamba ardhi ni ya anayeilima, ikafa. Wananchi wa kaskazini nao, kwa kuwa majina yao na dini yao vilifanana na vya majirani wa Mali na Burkina Faso, wakaanza kuonekana wageni katika nchi yao wenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 24 Desemba 1999 yalitokea mapinduzi ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulifanyika huku Ouattara na Bédié wote wawili wakiwa wamezuiwa kugombea. Laurent Gbagbo akashika urais katikati ya ghasia. Tarehe 19 Septemba 2002 wanajeshi waasi walishindwa kuchukua Abidjan lakini wakaishika kaskazini yote. Watumishi wengi wa serikali walikimbia huko, na shule na zahanati zikabaki majengo matupu. Hilo ni jambo la kutafakari kwa kila anayechangia majengo.

Baada ya mikataba kadhaa ya amani, uchaguzi ulifanyika mwaka 2010. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Ouattara mshindi kwa asilimia 54. Baraza la Katiba likafuta kura za maeneo kadhaa ya kaskazini na kumtangaza Gbagbo. Tarehe 4 Desemba 2010 nchi moja ilikuwa na marais wawili walioapa. Watu wapatao 3,000 walipoteza maisha kabla Gbagbo hajakamatwa Aprili 2011.

GHANA ILIJENGAJE NJIA YAKE?

Mtu anaweza kudhani Waghana ni wapole zaidi kwa asili. Historia yao tuliyoiona inakataa. Walijenga njia ya makabidhiano hatua kwa hatua, baada ya kuumia.

1. Walioshindwa walibaki ndani ya uwanja. Katika uchaguzi wa 1992 Rawlings, safari hii akiwa mgombea wa kiraia, alishinda. Wapinzani walisema wameibiwa wakasusia uchaguzi wa wabunge. Lakini hawakushika silaha. Waliandika malalamiko yao kituo kwa kituo, wakaenda mahakamani, na Mahakama ya Juu iliwapa haki katika kesi kadhaa dhidi ya serikali.

2. Tume ya Uchaguzi iliwasikiliza. Mwaka 1994 ilianzisha kamati ya pamoja ya vyama vyote, ambapo kila malalamiko yaliwekwa mezani. Katika uchaguzi wa 1996 kulikuwa na vitambulisho vya wapiga kura na masanduku ya kura yanayoonyesha ndani. Kura zilihesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama, na kila wakala alipata nakala ya matokeo.

3. Raia walijitolea kulinda hesabu. Vyama vya kiraia na vya dini vilipeleka maelfu ya waangalizi wa ndani katika uchaguzi wa 1996 na wa 2000. Hao hawakuwa wageni wa wiki mbili. Walikuwa walimu, wakulima na wazee wa makanisa waliokijua kituo chao na watu wake.

4. Ukomo wa mihula uliheshimiwa. Rawlings, mtu aliyetwaa madaraka kwa bunduki mara mbili, alimaliza mihula yake miwili akaondoka. Chama chake kilishindwa katika duru ya pili tarehe 28 Desemba 2000, na tarehe 7 Januari 2001 John Kufuor aliapishwa.

5. Kulikuwa na wapatanishi kabla ya moto kuwaka. Ghana nayo ina migogoro ya makabila na ya uchifu, hasa kaskazini, ambako vita ya mwaka 1994 iliua watu wengi. Kutokana na uzoefu wa kupatanisha huko lilizaliwa Baraza la Taifa la Amani, lenye viongozi wa Kikristo, wa Kiislamu na wa jadi. Mwaka 2008, chini ya uenyekiti wa Kadinali Peter Turkson, lilizungumza na vyama kimyakimya wakati nchi ilipokuwa na wasiwasi mkubwa. Mills alimshinda Nana Akufo-Addo kwa tofauti ya kura zipatazo 40,000 tu nchi nzima. Kufuor alikabidhi madaraka kwa wapinzani wake.

Huntington, katika kitabu kingine cha mwaka 1991, aliweka kipimo hiki: demokrasia imekomaa pale walioshinda mwanzoni wanaposhindwa na kuondoka, na waliowafuata nao wanaposhindwa na kuondoka. Ghana ilifaulu mtihani huo Januari 2009. Mwaka 2012 Akufo-Addo alishindwa tena, akaenda mahakamani. Kesi ilichukua miezi kadhaa na kurushwa na televisheni moja kwa moja. Uamuzi wa Agosti 2013 ulipomkataa, alisema haukubali moyoni lakini anautii. Mwaka 2016 alishinda. Mwaka 2024 mgombea wa chama chake, Mahamudu Bawumia, alimpongeza Mahama kwa ushindi siku moja baada ya kura, kabla ya Tume kutangaza matokeo.

TUSIZIDISHE SIFA

Ndugu wasomaji, Ghana si mbinguni. Mwaka 2020 watu watano waliuawa katika vurugu za uchaguzi. Desemba 2022 serikali ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, na mfumuko wa bei ulifika asilimia 54. Kukabidhiana madaraka vizuri hakumshibishi mtu mwenye njaa. Jambo la kutazama ni kwamba hasira ya wananchi kuhusu maisha magumu ilipata mlango wa kutokea. Walingoja hadi Desemba 2024 na kuiondoa serikali kwa kura.

Ivory Coast nayo imeinuka. Tangu vita kwisha uchumi umekua kwa kasi, na barabara na madaraja yamejengwa. Hata hivyo Ouattara aligombea muhula wa tatu mwaka 2020, na makumi ya watu walikufa katika ghasia. Oktoba 2025 alichaguliwa kwa muhula wa nne, huku wapinzani wawili wakubwa, Gbagbo na Tidjane Thiam, wakiwa wamezuiwa kugombea. Ukuaji umerudi, kimya kimerudi, na mtihani wa makabidhiano bado unasubiri. Aliyesoma habari za mwaka 1983 hawezi kuacha kufikiri.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kimya si ushahidi wa utulivu. Kimya kinaweza kuwa ni mtu mmoja mwenye uwezo anayeziba nyufa kwa mikono yake. Siku anapoondoka, nyufa zinabaki.

Pili, swali la nani ni mwenzetu likiingizwa katika kugombea madaraka ni vigumu kulitoa. Linaanza na mgombea mmoja Ikulu na kumalizikia kwenye mpaka wa shamba la jirani.

Tatu, imani ya watu hujengwa kwa mambo madogo: sanduku linaloonekana ndani, hesabu inayofanywa mbele ya wote, nakala ya matokeo mkononi mwa aliyeshindwa. Aliyeshindwa ndiye anayepaswa kuridhika na hesabu, kwa sababu mshindi huwa ameridhika tayari.

Nne, na hili ni kwa wafadhili hasa, taasisi ndogo zinazopatanisha na kusimamia hesabu hazipendezi kwenye picha kama jengo jipya. Lakini bila hizo jengo linaweza kubaki tupu, kama zahanati za kaskazini mwa Ivory Coast mwaka 2002.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Kabla ya somo hili, ulikuwa ukitumia vipimo gani kusema nchi ni tulivu? Ungeongeza vipi sasa?

2. Kwa nini kifo cha rais mwaka 1993 kilileta uadui Ivory Coast, na kifo cha mwaka 2012 hakikuleta Ghana?

3. Katika eneo lako, je, kuna watu walioishi na kulima kwa miaka mingi lakini bado wanaitwa wageni? Nani anafaidika wanapoitwa hivyo?

4. Katika vikundi vyenu vya mradi, ni lini mara ya mwisho uongozi ulikabidhiwa kwa mtu mwingine, na waliotoka bado wanashiriki?

Tunashauri kamati zitumie vikao viwili: kimoja kwa historia ya nchi hizi mbili, na kingine kwa maswali. Mtakapofika swali la nne, mpeni nafasi azungumze kwanza yule aliyewahi kushindwa uchaguzi katika kikundi.